Saa ya rubani haiko mkononi

Usiku wa kuamkia Januari 14, 2011, Boeing 767 ya Air Canada ilikuwa juu ya Atlantiki ikitoka Toronto kwenda Zürich. Rubani msaidizi alikuwa amelala kwenye kiti chake. Hakuwa ameuiba usingizi huo. Kampuni yake ilimruhusu rubani mmoja apumzike huku mwenzake akishika zamu, mradi asizidishe dakika 40. Yeye alilala 75. Alipoamka, kapteni alimwarifu kwamba ndege ya jeshi la anga la Marekani ilikuwa inakuja kutoka mbele, futi 1,000 chini yao. Msaidizi akatazama nje, akaona mwanga mkali, akadhani ndiyo yenyewe. Ilikuwa nyota ya Zuhura. Punde kapteni akamwonyesha ile ndege halisi, naye akaiona kana kwamba iko juu yao na inawashukia. Akasukuma usukani mbele. Ndege ikazama ghafla, kapteni akaurudisha usukani, ndege ikapanda. Abiria 14 na wahudumu wawili wakaumia.

Watu huipenda habari hii kwa sababu ya Zuhura. Mimi kinachonishughulisha ni zile dakika 75. Kama uchovu ungekuwa tangi tupu linalojazwa kwa usingizi kama mafuta, basi mtu aliyekuwa na akili timamu kuliko wote ndani ya chumba kile angekuwa yeye, aliyetoka kulala zaidi ya saa nzima. Kumbe ndiye aliyeona hatari isiyokuwepo. Upande wa pili kuna rubani anayepewa saa kumi za mapumziko hotelini, kitanda kizuri, simu imezimwa, na bado anaripoti kazini bila kupata hata lepe. Kuwaelewa wawili hawa kunahitaji hesabu nyingine, tofauti na ile ya saa za kazi na saa za kupumzika.

Tuanzie pwani. Jahazi linaweza kukwama kwa sababu mbili: shehena ikiwa nzito mno, au maji yakipwa. Jahazi jepesi hupita hata maji yakiwa machache, na lenye shehena kubwa huelea vizuri maji yakijaa. Balaa ni pale shehena nzito inapokutana na maji kupwa. Hapo chombo hupwelewa, na nahodha hata awe hodari vipi, hana la kufanya ila kusubiri.

Usingizi nao una nguvu mbili za namna hiyo. Maelezo haya yaliwekwa sawa mwaka 1982 na mtafiti Alexander Borbély, aliyekuwa akifanya kazi Zürich, huko huko ilikokuwa inaelekea ndege yetu. Nguvu ya kwanza ni shehena. Tangu unapofumbua macho asubuhi, ubongo unachoma nishati na kuacha mabaki, mojawapo ikiwa ni kemikali iitwayo adenosini. Kila saa ya kukaa macho huongeza mzigo, na usingizi peke yake ndio unaoupakua. Kahawa haipakui chochote. Kazi yake ni kuziba zile sehemu za ubongo zinazoupima mzigo, kwa hiyo mzigo unabaki palepale ila mizani haisomi. Tena hukaa: takriban saa tano baada ya kunywa kikombe, nusu ya kafeini ingali mwilini. Kuhusu uzito wa shehena yenyewe, mwaka 1997 Drew Dawson na Kathryn Reid, watafiti wa Australia, walipima watu waliokesha wakawalinganisha na waliokunywa pombe. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo alifanya vibaya sawa na mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho katika nchi nyingi dereva hunyang'anywa funguo.

Nguvu ya pili ni maji yenyewe, yanayojaa na kupwa kila siku bila kujali umelala au umekesha. Ndiyo maana anayekesha msibani hulemewa kabisa saa kumi za usiku, kisha saa tatu asubuhi anajiona kama amepata ahueni ingawa hajalala. Shehena haijapungua, imezidi. Yaliyopanda ni maji.

Maji haya yanaongozwa na saa iliyomo kichwani. Ni kiini kidogo chenye seli karibu 20,000, kilichokaa juu kidogo ya mahali mishipa ya macho inapopishana kuingia ndani ya ubongo. Hapo ndipo joto la mwili linapoamriwa kupanda na kushuka, na ndipo tezi ya pineali inapopewa ruhusa ya kumwaga melatonini, homoni inayoutangazia mwili kwamba usiku umeingia. Ila saa hii ina kasoro moja: haiendi saa 24 kamili. Kundi la Charles Czeisler wa Harvard lilichapisha mwaka 1999 kwamba kwa wastani mzunguko wake ni saa 24 na dakika 11 hivi. Mwanadamu akifungiwa pasipo jua wala taa kali, atachelewa kidogo kila siku. Kwa hiyo lazima saa irekebishwe kila siku, na kinachoirekebisha kuliko kitu kingine chochote ni mwanga.

Jambo la ajabu ni kwamba mwanga huo haupiti katika njia ile ya kuona. Ndani ya retina, utando wa nyuma ya jicho, kuna seli chache zenye kemikali iitwayo melanopsini, na David Berson na wenzake walionyesha mwaka 2002 kwamba seli hizo zinahisi mwanga zenyewe bila msaada wa zile tunazotumia kusomea gazeti. Hazichori picha. Zinapima tu mwanga ni mwingi kiasi gani, hasa ule wa buluu wa anga safi, na kupeleka habari moja kwa moja kwenye kiini cha saa. Ndiyo maana wapo vipofu wasioona chochote ambao saa zao za mwili bado zinafuata jua, kwa kuwa seli zile zingali nzima. Na ndiyo maana jicho linatudanganya kuhusu taa. Sebule yenye luksi 200 (luksi ni kipimo cha mwanga) tunaiona ina mwanga wa kutosha. Nje, saa sita mchana bila mawingu, huweza kufika luksi 100,000. Jicho hujizoesha likaona vyote ni mwanga. Zile seli nyingine haziridhiki upesi hivyo.

Hapa nichepuke kidogo, maana kuna kitu sisi wasemaji wa Kiswahili tunacho na hatukitilii maanani. Saa zetu zinaanza kuhesabiwa jua linapochomoza. Saa moja ni saa ya kwanza ya mwanga, na karibu na ikweta hali haibadiliki sana mwaka mzima. Wazungu wanaanza kuhesabu katikati ya giza, mahali ambapo mwilini hakuna kinachoanza. Saa ya mwili ingeulizwa ichague, nadhani ingechagua ya kwetu. Lakini rubani wa Mombasa hana anasa ya kuchagua. Karatasi zake za safari zimeandikwa kwa saa ya dunia nzima, ambayo watu wa anga huiita Zulu. Tiketi za abiria wake zina saa ya mahali kwa hesabu ya Kiingereza. Na mkewe akimpigia anamwambia kwa Kiswahili. Kitu kilekile kinaitwa saa 4 Zulu, saa 7 za tiketi, na saa moja asubuhi ya nyumbani. Ya nne, ile ya kichwani, haikuandikwa popote, na ndiyo itakayoamua kama atasinzia.

Sasa tuingie penye ugumu, maana wengi wanajua kwamba mwanga unaamsha, ila si wengi wanaojua kwamba mwanga uleule unaweza kuisukuma saa ya mwili mbele au kuirudisha nyuma kulingana na umekukuta wapi. Joto la mwili lina kilele chake na lina shimo lake. Kwa mtu anayelala saa tano usiku na kuamka saa moja asubuhi, shimo hilo huwa karibu na saa kumi na nusu ya alfajiri. Mwanga unaokuja katika saa chache kabla ya shimo huchelewesha saa: mwili unafikiri bado ni jioni, unauchelewesha usiku. Mwanga unaokuja baada ya shimo huiwahisha: mwili unafikiri kumekucha mapema. Shimo lenyewe ndilo mpaka.

Chukua ndege inayotoka Dar es Salaam kwenda Guangzhou, safari wanayoijua vizuri wafanyabiashara wa Kariakoo. China iko mbele yetu kwa saa tano. Shimo la mtu wa Dar, lile la saa kumi na nusu alfajiri, huko linaangukia saa tatu na nusu asubuhi. Mgeni anaamka hotelini saa moja asubuhi ya Guangzhou, anafungua pazia, anasema acha nipate jua ili mwili uzoee upesi. Kwa saa ya mwili wake ni saa nane usiku. Mwanga umemkuta kabla ya shimo, kwa hiyo unamchelewesha, unamvuta kuelekea magharibi wakati alipo ni mashariki. Siku ya pili hali yake ni mbaya zaidi na anailaumu hali ya hewa. Angevaa miwani myeusi mpaka saa nne, kisha akatoka kutembea juani, angesaidika. Usiku wake nao una mtego. Saa tano usiku, anapojilaza, mwili wake uko saa kumi na mbili jioni, na hizo saa za jioni ndizo maji yanapojaa kuliko wakati wote wa siku. Watafiti wanazijua kama saa ambazo usingizi unakataa kabisa. Ndiyo yale ya kugeukageuka kitandani na kuhesabu mabati.

Safari za magharibi ni nafuu kidogo kwa sababu tayari mwili una tabia ya kuchelewa, zile dakika 11. Kwa makadirio ya kawaida saa ya mwili husogea kama saa moja kwa siku ukienda mashariki, na kama saa moja na nusu ukienda magharibi. Nafuu, lakini angalia kinachomkuta rubani wa Kenya Airways anayekwenda New York, safari iliyoanza Oktoba 28, 2018 na inayochukua saa 15 hivi. Ndege huondoka Nairobi karibu na usiku wa manane na kufika kukiwa asubuhi ya New York. Mwezi Januari jua la Nairobi linazama kabla ya saa moja jioni, na la New York halichomozi mpaka saa moja na dakika 20 asubuhi, ambayo Nairobi ni saa tisa na dakika 20 alasiri. Ndege inakimbia kuelekea magharibi na alfajiri inaifuata nyuma bila kuifikia. Rubani anaishi usiku mmoja wa zaidi ya saa 20. Wakati watoto wake wanatoka darasani kwenda kula chakula cha mchana, yeye bado anatazama nyota, na saa ya kichwani, isiyoona jua lolote, inamwambia kwamba ni mchana.

Ndiyo maana chumba kile huwa na marubani wanne, wawili wakiendesha na wawili wakilala kwa zamu. Dreamliner, yaani Boeing 787 inayofanya safari hiyo, ina kijichumba cha vitanda juu ya dari, mbele, ambacho abiria hawakioni. Usingizi wa humo ni wa mang'amung'amu, kwa sababu ya kelele, mtikisiko, hewa kavu, na hewa nyembamba. Ndege nyingi za zamani zinabana hewa ya ndani ifanane na ya mlima wa futi 8,000. Dreamliner inaibana ifanane na futi 6,000, ambayo ni karibu sawa na mwinuko wa Nairobi, kwa hiyo hapo angalau rubani wa Kenya yuko nyumbani.

Akifika New York, ikifika saa mbili na nusu usiku macho yanafumba yenyewe, maana huko alikotoka ni saa kumi na nusu alfajiri, ndani ya shimo. Analala fofofo, kisha saa nane za usiku yuko macho makavu, kwa kuwa Nairobi ni saa nne asubuhi. Swali la kila rubani wa masafa marefu ni hili: nijizoeze na huku au nibaki na saa ya nyumbani? Kwa anayekaa siku moja au mbili jibu la kawaida ni kubaki na ya nyumbani, kwa sababu mwili hauwezi kuhama saa nane kwa siku mbili. Utaishia njiani, usiwe wa huku wala wa kule. Sheria za Ulaya zinalijua jambo hili mpaka zimeliwekea herufi. Katika jedwali la saa za kazi, rubani anaweza kuhesabiwa kwa saa za alikotoka, au za alikofika, au akawekwa katika kundi la X. Maana ya X ni kwamba mwili wake haujulikani uko saa ngapi. Sijaona sheria nyingine yoyote inayokiri jambo kama hilo juu ya binadamu kwa herufi moja.

Wenye kutunga sheria wamejitahidi, tusiwaonee. Kwa Tanzania mabasi ya abiria yalizuiwa kutembea usiku kwa miaka mingi mpaka 2023, lakini huwezi kuizuia ndege iliyo katikati ya bahari isiukute usiku. Kwa hiyo wadhibiti wa usafiri wa anga wameweka kile wanachokiita dirisha la maji kupwa kwa lugha yao, yaani kuanzia saa nane usiku hadi kasoro dakika moja kutimia saa kumi na mbili asubuhi, na zamu inayogusa saa hizo hufupishwa. Chini ya kanuni za Marekani zilizoanza kutumika Januari 4, 2014, rubani anayeanza kazi usiku wa manane, katika ndege isiyo na marubani wa ziada, hapewi zamu ya zaidi ya saa 9, ilhali wa asubuhi anaweza kufika 14. Kabla ya zamu lazima apumzike saa 10, na ndani yake ziwemo saa 8 za nafasi ya kulala bila kusumbuliwa. Kuna pia vikomo vya mwezi, saa 100 za kuruka kwa siku 28.

Kanuni hizo zilizaliwa na msiba. Februari 12, 2009 ndege ya Colgan Air iliyokuwa inakaribia Buffalo, jimbo la New York, ilianguka juu ya nyumba. Watu 49 waliokuwa ndani na mmoja aliyekuwa nyumbani kwake wakafa. Wachunguzi walisema chanzo ni kapteni kuvuta usukani vibaya baada ya ndege kumwonya kwamba inapoteza mwendo. Lakini walipofuatilia usingizi wa marubani walikuta kwamba rubani msaidizi alikuwa anaishi upande wa Seattle na kituo chake cha kazi kiko Newark, nchi nzima ikiwa katikati. Alikuwa amesafiri usiku kucha akidandia ndege za mizigo ili awahi zamu. Wachunguzi waliandika kwamba uchovu huenda uliwapunguzia uwezo, ila kwa kiasi gani hawakuweza kusema. Uchovu una tabia hiyo. Pombe hupimwa katika damu ya maiti. Usingizi uliokosekana hauachi alama yoyote.

Tena kanuni zenyewe ziliwaacha nje marubani wa mizigo, kwa sababu za gharama. Agosti 14, 2013, kabla ya mapambazuko, ndege ya mizigo ya UPS iligonga kilima karibu na uwanja wa Birmingham, Alabama, na marubani wote wawili wakafa. Kinasa sauti kilikuwa kimewanasa mapema usiku huo wakizungumza juu ya kanuni mpya za mapumziko na jinsi zilivyowaruka wao. Siwezi kuisoma nakala hiyo bila kuinua macho.

Kinachokosekana katika hesabu za saa 10 na saa 8 ni ile ya maji kujaa. Mpe rubani mapumziko kuanzia saa nane mchana hadi saa sita usiku, halafu aripoti kurusha ndege ya saa saba. Kwa karatasi amepata saa 10. Kwa mwili, sehemu kubwa ya muda huo imeangukia mchana na jioni, saa ambazo usingizi haupatikani kwa kuitwa. Atajilaza saa kumi na mbili jioni, atasikiliza mlango wa jirani, atapata dakika chache karibu na saa nne, kisha kengele. Anaingia chumba cha marubani akiwa amekaa macho tangu alfajiri, shehena imejaa mpaka ukingoni, na maji ndiyo kwanza yanaanza kupwa. Hakuna aliyevunja sheria.

Humo ndani nako kuna giza. Usiku taa za chumba cha marubani hupunguzwa sana ili macho yaweze kuona nje, na mwanga uliobaki ni hafifu mno kuiambia saa ya kichwani chochote. Kazi nayo ni kutazama, si kutenda. Ndege inajiendesha, redio iko kimya juu ya bahari, kiti ni kizuri. Ungeambiwa ubuni mahali pa kumlaza mtu usingewaza pazuri zaidi. Ubongo ukishalemewa huanza kuiba: sekunde tatu, sekunde tano, macho pengine yakiwa wazi, na mwenyewe asijue kwamba hakuwepo.

Dawa iliyothibitika ni kuuruhusu usingizi kidogo kwa mpango. Watafiti wa NASA walichapisha mwaka 1994 majaribio waliyoyafanya na marubani wa safari za Pasifiki. Kundi moja lilipewa dakika 40 za kulala kitini, mmoja mmoja. Kwa wastani walilala dakika 26 tu, lakini umakini wao ulipanda kwa asilimia 54 na utendaji kwa asilimia 34. Kundi lisilopewa lilikuwa na vijisinzio hata wakati ndege inashuka kutua. Nchi nyingi, zikiwemo za Ulaya na Canada, zimeruhusu mapumziko ya namna hiyo. Marekani, yenye NASA yake, hadi leo haijawaruhusu marubani wa abiria kuyafanya kitini.

Mpaka wa dakika 40 haukuwekwa ovyo. Ukilala zaidi ya hapo unaingia katika usingizi mzito, na kuamshwa humo ni sawa na kuamka umelewa: jina linaitikiwa, mikono inafanya kazi, hukumu haipo. Kiswahili tayari kina neno, kulewa usingizi. Hali hiyo inaweza kuchukua nusu saa au zaidi kuisha, na inakuwa kali zaidi wakati wa maji kupwa. Ndiyo iliyomkuta rubani wa Zuhura. Na ndiyo iliyotajwa katika uchunguzi wa ndege ya Air India Express iliyotoka Dubai Mei 22, 2010 ikiwa na abiria wengi waliokuwa wakirudi kutoka vibarua vya Ghuba. Kinasa sauti kilimnasa kapteni akikoroma kwa zaidi ya saa moja na nusu katika rekodi ya saa mbili hivi. Aliamka karibu na kushuka Mangalore alfajiri, akaja juu mno, akagusa ardhi mbali sana kwenye njia iliyokaa juu ya kilima. Msaidizi alimwambia apae tena, na akarudia, mara tatu. Watu 158 kati ya 166 walikufa.

Kwa hiyo ukimwona rubani anatoka uwanja wa Jomo Kenyatta saa tano asubuhi amevaa miwani myeusi, usidhani ni maringo. Ndege ya kurudi imeondoka New York mchana na imemlisha usiku mzima wa Nairobi. Jua la saa hiyo likimwingia vizuri machoni litamfukuzia usingizi anaokwenda kuutafuta. Wengi wana mapazia mazito chumbani na hawagusi simu. Wapo wanaokunywa kahawa dakika chache kabla ya kulala kidogo, wakijua itaanza kazi wakati wa kuamka. Ujanja wote huu unamtaka mtu ajue kwamba amechoka, na hapo ndipo mambo yanapoharibika, kwa sababu ubongo uliochoka ndio unaoulizwa kama umechoka.

Januari 25, 2024, Airbus A320 ya Batik Air iliondoka Kendari kurudi Jakarta ikiwa na abiria 153. Marubani wake walikuwa kazini tangu usiku. Rubani msaidizi alikuwa amehama nyumba, na alikuwa na mapacha wa mwezi mmoja. Usiku alikuwa akiamka mara kwa mara kumsaidia mkewe. Kapteni aliomba apumzike, msaidizi akashika zamu, kisha naye akalala. Kwa dakika 28 waongoza ndege waliita bila kujibiwa, mpaka kapteni alipozinduka akaona wametoka njiani. Walitua salama. Taarifa ya wachunguzi wa Indonesia inasema kwamba kabla ya hapo kapteni aliwahi kuamka kidogo, akamwuliza mwenzake kama angependa kulala yeye ili wabadilishane. Mwenzake akajibu kwamba hana haja.